Maulizo ya zamani ya SQL: mwongozo kamili wa kuhamishia mfumo wa shule au SACCO kwenye MySQL mpya

Simu ninazopigiwa hapa Arua, Uganda, zinafanana. Kijana ameitwa shuleni, kompyuta ya mhasibu inakaribia kufa. Amepewa nyingine, ameweka PHP mpya (lugha iliyoandikiwa mfumo) na MySQL mpya (programu ya hifadhidata), amenakili folda ya mfumo, na sasa kila ukurasa unaleta kosa. Anayafukuza makosa moja moja hadi usiku wa manane. Siku ya tatu anapata dawa mtandaoni: futa kila kitu kwenye `sql_mode`, yaani mpangilio unaoamua ukali wa seva ya MySQL. Makosa yananyamaza, anakabidhi kazi. Muhula ukianza, mhasibu anagundua kwamba orodha ya madeni hailingani na vitabu vyake.

Ulizo linalogoma ni jepesi, maana limejitaja lenyewe. Linaloumiza watu ni lile linalokubali kufanya kazi na kuleta jibu tofauti na la jana. Kwa hiyo kazi hii hupimwa kwa majibu: kila ulizo lilete kwenye seva mpya kilekile lilicholeta kwenye ya zamani, na pale linapotofautiana uweze kueleza kwa nini.

Nikisema "ulizo" nina maana ya sentensi yoyote ya SQL ambayo programu inaipelekea hifadhidata, iwe ya kusoma, kuingiza, kubadilisha au kufuta. "Safu" ni ile inayoshuka chini kwenye jedwali, "mstari" ni ule unaokwenda pembeni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya zamani ikiwa bado inawaka, pamoja na nenosiri la msimamizi wa MySQL. Mifano yangu inachukulia MySQL 5.1 na PHP 5.3, kwa sababu hizo ndizo ninazozikuta sana.
- Kompyuta ya majaribio yenye toleo lilelile litakalotumika mwisho. Napendekeza MySQL 8.4, iliyotoka 2024 na inayopewa matengenezo ya muda mrefu, pamoja na PHP 8.
- Diski mbili za nje au flashi mbili. Moja haitoshi.
- UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha jedwali la MyISAM (mtindo wa zamani wa MySQL wa kutunza data), jedwali linaweza kuharibika.
- Mhasibu au mwalimu anayeujua mfumo, akupe nusu siku yake.
- Muda. Chagua likizo. Usiguse mfumo wa ada Februari wazazi wakiwa kwenye foleni, wala mfumo wa alama wakati watahiniwa wa UNEB, mitihani ya taifa, wanaandaliwa.

Onyo moja kuhusu kompyuta ya majaribio. XAMPP (kifurushi cha PHP na hifadhidata) ya siku hizi inakuja na MariaDB, si MySQL, na MariaDB haiwashi `ONLY_FULL_GROUP_BY` yenyewe, ile kanuni ya ukali tutakayoiona hatua ya 6. Nimeona kazi iliyopita vizuri kwenye laptopu ikaanguka kwenye seva halisi kwa sababu hiyo tu. Andika hivi kwenye mashine zote mbili, utunze majibu:

```
SELECT VERSION(), @@sql_mode;
```

## Hatua ya 1: Funga mfumo, chukua nakala

Waambie watumiaji watoke. Majedwali ya zamani mengi ni ya MyISAM, na kwa MyISAM lile chaguo maarufu la `--single-transaction` halikupi nakala iliyotulia. Unahitaji kufuli:

```
mysqldump -u root -p --lock-all-tables --routines --events --result-file=shule_kabla.sql shule
```

Kwenye Windows tumia dirisha la cmd. PowerShell ya Windows huandika kile unachokielekeza kwa alama ya `>` katika mfumo wa herufi wa UTF-16, na faili kama hilo MySQL hulikataa. Ndiyo maana nimetumia `--result-file`.

Nakili pia folda nzima ya programu. Nakala moja ikae kwa mwalimu mkuu, moja kwako. Humo mna majina ya watoto na namba za simu za wazazi wao, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Usiitume kwa WhatsApp.

Umefaulu ikiwa: mstari wa mwisho wa faili unaanza na `-- Dump completed`. Usipouona, nakala ilikatika njiani. Rudia.

## Hatua ya 2: Yakamate maulizo yakiwa kazini

Wengi hutafuta kwenye msimbo tu:

```
findstr /s /n /i "mysql_" *.php > orodha.txt
```

Fanya hivyo, lakini haitoshi. Mifumo ya zamani huunganisha ulizo vipande vipande: kipande kwenye faili moja, sharti kwenye faili jingine, mpangilio kutoka kwenye fomu. Ukitazama msimbo huoni sentensi kamili inayofika kwenye seva. Basi mwombe seva mwenyewe akuandikie. Kwenye mashine ya zamani:

```
SET GLOBAL general_log_file = 'C:/logi/maulizo.log';
SET GLOBAL general_log = 'ON';
```

Folda ya `C:/logi` iwepo tayari. Sasa kaa na mhasibu, pitieni kila ukurasa: kusajili mwanafunzi, kupokea ada, kutoa risiti, orodha ya madeni, ripoti za muhula, kufunga mwaka. Hasa kufunga mwaka, maana ukurasa unaotumika mara moja kwa mwaka ndio unaosahaulika na ndio utakaovunjika Desemba ukiwa umeshasahau kazi hii. Kwa kurasa zinazobadilisha data kama huo, fanyia kwenye nakala ya hifadhidata, si kwenye ile halisi.

Mkimaliza, zima logi kwa `'OFF'`. Faili hilo linaweza kuwa na manenosiri yakisomeka wazi, hivyo lilinde kama unavyolinda ufunguo wa ofisi.

Umefaulu ikiwa: una orodha ya maulizo yote yasiyojirudia, na kila moja unajua linatoka ukurasa upi. Shule ya kawaida huwa sioni hata mia mbili.

## Hatua ya 3: Tunza majibu ya zamani

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila anayenipigia simu, na bila hiyo huna cha kulinganisha baadaye.

Chagua maulizo yote ya kusoma yanayohusu fedha, alama na orodha za majina. Yaandike kwenye faili `vipimo.sql`. Ongeza na vipimo vya jumla:

```
SELECT COUNT(*) FROM wanafunzi;
SELECT darasa, SUM(kiasi) FROM malipo GROUP BY darasa;
SELECT MIN(tarehe), MAX(tarehe) FROM malipo;
```

Kisha kwenye cmd ya mashine ya zamani:

```
mysql -u root -p -N -B shule < vipimo.sql > zamani.txt
```

Chapisha pia kwa karatasi ripoti tano ambazo mhasibu anazitumia sana, azitie sahihi yake. Karatasi hiyo itakuokoa siku mtu atakaposema "zamani haikuwa hivi".

## Hatua ya 4: Pakia kwenye seva mpya, ukali ukiwa umewashwa

Pakia `shule_kabla.sql` kwenye kompyuta ya majaribio. Mara nyingi itaingia bila shida, hata ikiwa na tarehe za `0000-00-00`, kwa sababu faili la mysqldump lina mstari unaolegeza `sql_mode` wakati wa kupakia. Usidanganyike: kupakia kuzuri hakusemi lolote kuhusu maulizo.

Acha `sql_mode` ilivyokuja. Ukiizima hapa, seva itanyamazia yaleyale unayotaka ikuonyeshe.

## Hatua ya 5: Badilisha muunganisho kwanza

Familia yote ya `mysql_query`, `mysql_connect` na wenzake iliondolewa kwenye PHP 7.0. Usiandike kiraka kinachoiga majina ya zamani. Tumia PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata:

```
$db = new PDO('mysql:host=127.0.0.1;dbname=shule;charset=utf8mb4',
              $mtumiaji, $siri,
              [PDO::ATTR_ERRMODE => PDO::ERRMODE_EXCEPTION]);

$q = $db->prepare("SELECT jina, darasa FROM wanafunzi WHERE namba = ?");
$q->execute([$namba]);
$mwanafunzi = $q->fetch(PDO::FETCH_ASSOC);
```

Ile alama ya kuuliza ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mfumo wa zamani huchomeka thamani moja kwa moja ndani ya sentensi. Huku kwetu majina yenye ng' ni mengi, na mtoto anayeitwa Ong'om huvunja ulizo katikati ya jina lake: ritifaa (kile kialama ') inasomwa kama mwisho wa neno. Nimekuta shule ambako karani alikuwa akiandika majina hayo bila ritifaa kwa miaka ili "kompyuta isikasirike", na vyeti vikatoka na majina yasiyo ya watoto hao. Mlango huohuo ndio anaopitia mtu mwenye nia mbaya kuandika SQL yake ndani ya fomu yako.

Mitego miwili. Kwanza, ukipeleka idadi ya `LIMIT ?` kupitia `execute`, inakwenda kama maandishi na seva inakataa kwa kosa 1064. Tumia `bindValue` yenye `PDO::PARAM_INT`. Pili, usitegemee `rowCount` kuhesabu mistari ya SELECT kama ulivyotegemea `mysql_num_rows`. Chukua yote kwa `fetchAll` kisha uhesabu.

## Hatua ya 6: Tengeneza maulizo, kundi kwa kundi

Usitengeneze ukurasa kwa ukurasa. Makosa yana jamaa zake; ukishaielewa jamaa moja, unayamaliza yote ya aina hiyo kwa mkupuo.

### GROUP BY isiyokamilika (kosa 1055)

Hili ndilo kubwa. GROUP BY hukusanya mistari katika makundi. Tazama orodha ya madeni:

```
SELECT w.namba, w.jina, m.tarehe, SUM(m.kiasi)
FROM wanafunzi w, malipo m
WHERE w.namba = m.namba
GROUP BY w.namba;
```

Mwanafunzi amelipa mara tatu: shilingi 200,000 Februari, 150,000 Machi, 100,000 Aprili. Jumla ni 450,000, hapo hakuna ubishi. Lakini `m.tarehe` ni ipi kati ya tarehe tatu? MySQL ya zamani ilichukua mojawapo, yoyote, bila kusema. Tangu 5.7 seva inauliza uamue.

Shule moja tuliyoihamisha, safu hiyo ilikuwa na kichwa "Malipo ya mwisho", na barua za kudai ada zilikuwa zikitumwa kwa kuitegemea. Tulipotazama, tarehe nyingi zilikuwa za malipo ya kwanza. Wazazi waliolipa wiki iliyopita walikuwa wakiandikiwa kwamba hawajaonekana tangu shule ifunguliwe. Kosa lilikuwepo miaka yote. Seva mpya ndiyo iliyolifichua. Ndiyo sababu nawasihi vijana wasizime ukali huo.

Muulize mhasibu alichokusudia, kisha andika hicho:

```
SELECT w.namba, w.jina, MAX(m.tarehe) AS malipo_ya_mwisho, SUM(m.kiasi) AS jumla
FROM wanafunzi w
JOIN malipo m ON m.namba = w.namba
GROUP BY w.namba, w.jina
ORDER BY w.jina;
```

Kuna kazi inayoitwa `ANY_VALUE` inayonyamazisha kosa kwa kusema "chochote kitafaa". Itumie pale tu ambapo una hakika thamani zote za kundi ni zilezile. Kwenye fedha mimi siitumii kabisa.

### Mpangilio uliopotea (hakuna kosa lolote)

Umeona nimeongeza `ORDER BY`. Hadi 5.7, GROUP BY ilipanga matokeo yenyewe. Tangu 8.0 haipangi. Ulizo linakubali, mistari ni ileile, ila orodha inatoka shaghalabaghala. Ikiwa msimbo unahesabu "wa kwanza, wa pili, wa tatu" kwa kufuata mistari inavyokuja, nafasi za watoto darasani zitakuwa za uongo bila onyo hata moja.

Pitia kila GROUP BY, uweke ORDER BY unayoitaka. Zile zilizoandikwa `GROUP BY darasa DESC` zitaleta kosa 1064. Ile `DESC` ihamie kwenye ORDER BY.

### Majina ambayo sasa ni maneno ya seva (kosa 1064)

Mifumo ya alama inapenda safu inayoitwa `rank`. MySQL 8 imelichukua neno hilo, pamoja na `groups` na `system`. Linalowachanganya watu ni kwamba `ORDER BY m.rank` inapita, lakini `ORDER BY rank` inagoma. Sababu: neno likitanguliwa na nukta, seva inajua hapo panahitajika jina tu.

Lizungushie kile kialama kidogo kilicho chini ya kitufe cha Esc:

```
SELECT jina, `rank` FROM matokeo ORDER BY `rank`;
```

Kubadilisha jina la safu kuwa `nafasi` ni kuzuri zaidi, lakini kufanye baada ya kuhama. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja.

### Tarehe za sifuri (kosa 1292)

Wanafunzi ambao hawajaondoka shuleni wamewekewa `0000-00-00`. Thamani sahihi ni NULL, yaani hakuna thamani:

```
SET SESSION sql_mode = '';
ALTER TABLE wanafunzi MODIFY aliondoka DATE NULL DEFAULT NULL;
UPDATE wanafunzi SET aliondoka = NULL WHERE aliondoka = '0000-00-00';
```

Ule mstari wa kwanza unalegeza ukali kwa dirisha lako hilo moja tu. Ukimaliza, lifunge. Kisha rekebisha msimbo: kila `WHERE aliondoka = '0000-00-00'` iwe `WHERE aliondoka IS NULL`. Ukisahau, ulizo litagoma au shule nzima itaonekana haina mwanafunzi.

### Kuingiza '' mahali pa namba (kosa 1366)

`INSERT INTO malipo VALUES ('', ...)` ilifundishwa sana: acha tupu, namba itajijaza. Seva kali inakataa. Taja safu kwa majina, na ile inayojijaza usiitaje kabisa. Kosa 1364 ni ndugu yake: safu haikupewa thamani wala haina chaguo-msingi. Ipe.

### TYPE=MyISAM

Hutaikuta kwenye nakala. Iko ndani ya msimbo, kwenye ripoti zinazotengeneza jedwali la muda. Iliondolewa tangu 5.5. Andika `ENGINE=InnoDB`, au `ENGINE=MEMORY` palipokuwa na `TYPE=HEAP`.

### Kuingia kwa PASSWORD

Kazi ya `PASSWORD` haipo tena MySQL 8, hivyo hakuna atakayeweza kuingia kwenye mfumo. Huna haja ya kumwita kila mwalimu abadilishe nenosiri. Ikiwa thamani zilizotunzwa zinaanza na nyota na zina herufi 41, hesabu ileile inafanyika ndani ya PHP:

```
$ya_zamani = '*' . strtoupper(sha1(sha1($siri, true)));
```

Mtu akiingia, linganisha kwa njia hiyo mara moja, kisha palepale tunza upya kwa `password_hash` kwenye safu ya `VARCHAR(255)`. Mara zijazo tumia `password_verify`. Baada ya muhula mmoja, ondoa njia ya zamani na wale ambao hawajaingia wapewe nenosiri jipya.

## Hatua ya 7: Majina yaliyogeuka Ongâ€™om

Ukiona alama hizo, jina lilibandikwa kutoka Word likiwa na ritifaa iliyopinda, likatunzwa kwenye jedwali la latin1 (mfumo wa herufi wa zamani) kana kwamba ni herufi za kawaida. Hakikisha kwanza:

```
SELECT jina, HEX(jina) FROM wanafunzi WHERE namba = 1187;
```

Ukipata `4F6E67E280996F6D`, ile `E28099` ya katikati ndiyo ritifaa katika UTF-8, mfumo wa herufi unaotumika sasa. Data yenyewe ni nzima, lebo (jina la mfumo wa herufi) ndiyo mbaya. Usitumie `CONVERT TO CHARACTER SET`, maana itagandisha uharibifu uwe wa kudumu. Pita kwenye umbo lisilo na lebo:

```
ALTER TABLE wanafunzi MODIFY jina VARBINARY(100) NOT NULL;
ALTER TABLE wanafunzi MODIFY jina VARCHAR(100) CHARACTER SET utf8mb4 NOT NULL;
```

Urefu na `NOT NULL` ziwe zilezile za mwanzo. Fanya kwa safu za maandishi zote, ukiwa na nakala mkononi.

## Hatua ya 8: Linganisha

Endesha vipimo kwenye seva mpya, sasa ukitumia maulizo yaliyorekebishwa, upate `mpya.txt`. Kisha:

```
fc zamani.txt mpya.txt
```

Kwenye Linux ni `diff`. Kila mstari unaotofautiana uandikie sababu kwenye daftari: mpangilio, tarehe iliyokuwa ya kubahatisha, ritifaa iliyopona. Jumla za shilingi hazina ruhusa ya kutofautiana hata kwa shilingi moja. Zikitofautiana, simama, usiseme "ni ndogo".

Kisha mpe mhasibu karatasi zake alizotia sahihi, akae mbele ya kompyuta mpya, azitoe ripoti zilezile mwenyewe. Wewe usishike kipanya.

Umefaulu ikiwa: kila tofauti ina maelezo na mhasibu ametia sahihi karatasi mpya kando ya zile za zamani.

## Hatua ya 9: Siku ya kuhama

Chukua nakala mpya kutoka kwenye mashine ya zamani, kwa sababu ile ya hatua ya kwanza imeshapitwa na risiti za wiki hizi. Rudia kupakia na marekebisho ya majedwali kutoka kwenye faili ulilotunza, si kutoka kichwani. Endesha vipimo tena kwenye mashine zote mbili. Mnunulie mhasibu kitabu cha risiti cha karatasi, kikae mezani wiki nzima ya kwanza.

Chomoa mashine ya zamani kwenye mtandao lakini usiifute. Iandike kwa kalamu ya wino mzito: "Ya kusoma tu". Kila jioni ya wiki ya kwanza fungua logi ya makosa ya PHP, utafute 1055, 1064, 1292, 1364 na 1366. Hizo ni kurasa ambazo hamkuzipitia katika hatua ya 2.

Ripoti za mwisho wa mwaka zikishachapishwa na kufunga mwaka kukapita salama, rudi shuleni ufute data ya wanafunzi kwenye kompyuta ya majaribio na kwenye flashi yako. Ile ya mwalimu mkuu ibaki kabatini.